Uzi: Alama hafifu kando ya M83, nimepiga Subukia. Ni mkondo wa nyota au najidanganya?

#1 LenziYaNakuru

Wadau, hamjambo. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Nakuru. Januari na Februari harusi huwa chache na anga huwa kavu, kwa hivyo lenzi yangu ya milimita 200 huacha maharusi ikatazama juu. Mwaka huu niliamua kuacha Mwezi na Zohali, nijaribu kitu kigumu: mikondo ya nyota kando ya galaksi za jirani.

Kwa anayepita tu, picha ni hii. Galaksi ndogo ikiizunguka kubwa kwa karibu mno, hunyofolewa nyota zake kidogo kidogo, na nyota hizo hubaki zimetandazwa kwenye njia iliyopita. Fikiria lori la mahindi limetoka Kitale na gunia moja limetoboka. Ukifika Salgaa huoni lori, lakini punje barabarani zinakueleza lilipita wapi. Kwa galaksi, punje hizo ni nyota, na barabara yake ina urefu wa maelfu kwa maelfu ya miaka-nuru.

Nilichagua M83, galaksi ya mzingo iliyo umbali wa kama miaka-nuru milioni 15. Wazungu wengi wa kaskazini huiona chini chini juu ya paa la jirani. Sisi hapa Ikweta inatupandia nyuzi 60 juu ya upeo. Mwanzoni mwa Februari inakuwa mahali pazuri kuanzia saa saba usiku hadi kama saa kumi na moja alfajiri.

Nilipanda kwa mjomba, Subukia, usiku tano. Picha 412 za dakika mbili mbili. Nikatupa zilizoingiwa na wingu, zilizotikisika, na zile ambazo gari la maziwa lilipita likawasha taa kamili. Zikabaki 301, yaani saa 10 na dakika 2 za mwanga.

Nilipozipandanisha na kuvuta mwanga kwa nguvu, kusini-mashariki mwa galaksi kukatokea upinde. Hafifu sana, lakini upo. Umejikunja kama ukucha uliokatwa. Moyo ulinienda mbio nikamwamsha mke wangu. Akatazama, akasema, "Hapo umegusa na kidole," akarudi kulala.

Nisaidieni. Nimepata nini?

#2 Otis_wa_Kondele

Kama umepata harusi huko juu, tupeane kazi ya video.

#3 MwalimuMaseno

Hongera kwa kukesha. Kabla hujamwamsha mtu mwingine, nijibu haya:

Kamera ilikaa vilevile usiku zote tano, au uliizungusha? Kuna nyota angavu pembeni mwa fremu? Ulipiga picha za kusawazisha, zile za kitu cheupe kitupu za kurekebisha kasoro za lenzi? Na mwanga wa Nakuru uliuondoa kwa njia gani?

Nauliza kwa sababu ya hesabu moja ambayo watu huiruka. Anga la giza kabisa, lisilo na taa wala Mwezi, lenyewe linang'aa kidogo. Kwa kipimo cha wanaanga, kipande kidogo cha anga hilo ni magnitudo 22 hivi, na namba ikipanda mwanga unapungua. Mikondo mingi ya nje huwa kati ya 26 na 29 kwa kipande kilekile. Hatua tano za magnitudo ni mara 100. Kwa hivyo mkondo wa 27 ni sehemu moja ya mia ya mwanga wa anga tupu. Ukifika 28.5 ni kama sehemu moja ya mia nne.

Maana yake, kosa la asilimia moja katika kusawazisha picha linatosha kukuzalia mkondo ambao haupo. Au likufutie uliopo. Hutafuti kitu gizani, ndugu. Unatafuta doa jeupe kwenye shuka jeupe.

#4 LenziYaNakuru

Mwalimu, nakujibu kwa mpango.

Kamera haikuzungushwa. Kisa chake ni kirefu. Sisi wa Ikweta tuna taabu ambayo vitabu vya hobi hii havijui. Vinakwambia uelekeze kifaa cha kufuatisha nyota kwenye Nyota ya Kaskazini. Hapa kwetu nyota hiyo iko kwenye upeo wenyewe. Kule Subukia imejificha nyuma ya kilima na mti wa mparachichi. Halafu kile kitako cha kifaa hakilali hadi sufuri, kimetengenezewa watu wa nyuzi 30 na kwenda juu. Nilikwenda kwa fundi seremala pale senta akanichongea kabari ya mvule. Shilingi mia tatu. Kulenga nilifanya kwa kutazama nyota inavyoteleza, moja iliyo utosini na nyingine ikichomoza mashariki, nasukuma kidogo kidogo hadi iache kuteleza. Saa moja na nusu kila nikianza. Nikishapata, siigusi kamera ng'o.

Nyota angavu ipo, karibu na kona ya chini kushoto.

Kusawazisha nilipiga kitambaa cheupe cha meza, kile cha high table ya harusi, alfajiri kabla jua halijatoka.

Mwanga wa Nakuru uko kusini-magharibi. Nimetumia programu ikanichorea mteremko wa mwanga, yaani unavyofifia kutoka upande wa mji, nikautoa.

#5 BintiDunga

Hapo kwenye "programu ikanichorea" ndipo ningeanza.

Nafanya kazi ya takwimu Kisumu na nyota ni ugonjwa wangu wa usiku. Programu hizo za kuondoa mteremko huweka vitone angani na kudhani kila kitone ni anga tupu. Galaksi ina ukungu mpana kuliko unavyodhani. Ukiweka kitone juu ya ukungu huo, programu inaula. Dalili yake ni pete nyeusi kuzunguka galaksi, kama handaki. Na ukingo wa handaki, ukivuta mwanga, unang'aa kama upinde! Weka vitone vichache, mbali na galaksi, na uiambie itoe mteremko ulionyooka tu, usio na mikunjo.

Tena ushukuru una mji mmoja wa kupambana nao. Mimi nikisimama ufukweni Dunga usiku wa giza naona mji mwingine majini. Wavuvi wa omena hutoka na taa zao usiku usio na Mwezi, kwa sababu Mwezi ukiwaka taa haivuti samaki. Yaani usiku ule ule ninaoutaka mimi ndio wanaoutaka wao. Zamani zilikuwa karabai za manjano, siku hizi ni taa nyeupe za sola na betri, na nyeupe ndiyo mbaya zaidi kwa anga. Siwalaumu. Omena nakula.

Halafu ziwa lenyewe hupika mvua usiku. Umeme unapiga kule Homa Bay, mimi nafunga mguu wa kamera.

Kwa hiyo nilihamia kwenye picha za watu wengine. Zile picha za Legacy Surveys, mradi wa kupiga anga picha, ziko wazi kwa kila mtu, zimepigwa na darubini tatu, moja Chile na mbili Arizona, na unaziangalia kwenye simu tu. Tafuta NGC 4651 uone mwavuli wa nyota umesimama juu ya galaksi, mpini wake umenyooka kabisa. Kundi la mwanaanga David Martínez-Delgado limepekua picha hizo galaksi kwa galaksi kutafuta mikondo ya aina hii. Kwa kina cha picha za sasa, kadiri ya galaksi moja kati ya kumi huonyesha kitu.

#6 MzeeWaLikoni

Nimehamia Kisumu miaka ishirini sasa lakini pwani haijanitoka. Kijana wa lenzi, mfano wako wa gunia ni mtamu ila una tundu.

Gunia humwaga nyuma peke yake. Galaksi ndogo humwaga nyuma na mbele. Nyinyi wa ziwani hamjui kupwa na kujaa, ziwa lenu halipwi kwa kiasi cha macho kuona. Njooni Likoni siku ya bamvua. Mwezi unavuta maji ya upande wake kwa nguvu zaidi kuliko unavyovuta kitovu cha dunia, na kitovu unakivuta zaidi kuliko maji ya upande wa pili. Ndiyo maana maji hujaa pande mbili kwa mpigo, mara mbili kwa siku.

Galaksi ndogo nayo hutanuliwa hivyo hivyo. Nyota za upande wa ndani zinachopoka na kupata njia fupi, zinatangulia. Za upande wa nje zinapata njia ndefu, zinachelewa. Mikia miwili, mmoja mbele mmoja nyuma, na mzoga katikati kama bado upo.

Yetu wenyewe, Njia Nyeupe, inakula hivi sasa tunavyoandika. Galaksi kibete iliyo upande wa kundinyota la Mshale ilitambuliwa 1994 na Ibata, Gilmore na Irwin, na mwaka 2003 ramani ikaonyesha mkondo wake umezunguka anga lote. Mshale ukiwa juu angani Julai, unatazama mlo unaendelea.

#7 Otis_wa_Kondele

Mzee sasa umenipata. Nilikuja kucheka.

#8 Mkweli254

Niulize swali la mlipa kodi. Unga ni bei gani? Mtu anakesha usiku tano Subukia kutafuta vumbi la miaka milioni 15 iliyopita. Haya ni mambo ya wazungu wenye muda.

#9 MwalimuMaseno

Lenzi ni yake, mafuta ya gari ni yake, na mjomba alikuwa amemkaribisha. Kodi yako haijaguswa.

Kuhusu wazungu: hiyo M83 yenyewe ilionwa mara ya kwanza kutoka Afrika. Mfaransa Lacaille aliiorodhesha 1752 akiwa Rasi ya Tumaini Jema, kwa kidarubini ambacho leo hata mwanafunzi wangu angekikataa. Na setilaiti ya kwanza kabisa iliyojengwa kutazama mionzi ya eksirei tu angani ilirushwa hapa, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Ikaitwa Uhuru kwa sababu ya siku hiyo. Mambo haya yamepita kwetu mara nyingi. Sisi ndio tulikuwa tumelala.

#10 Mkweli254

Ya Uhuru sikujua. Lakini unga bado ni swali.

#11 KijanaShinyalu

Mimi nauliza kama mwanafunzi. Kwa nini wanasayansi wanajisumbua? Galaksi kubwa ilikula ndogo, sawa. Tumeshajua. Kwa nini kuhesabu makombo?

#12 BintiDunga

Kwa sababu makombo yanamtaja aliyekula na yanaonyesha meza ina uzito gani.

Njia ya mkondo inafuata uzito wote wa galaksi, pamoja na ule usioonekana, yaani maada giza. Ukijua mkondo umejikunja vipi na nyota zake zinakwenda kwa kasi gani, unaweza kupima uzito huo na umbo lake, kama ni mviringo au umebonyea. Hakuna njia nyingi za kufanya hivyo mbali sana na kitovu, ambako nyota za kawaida zimekwisha.

Kuna mkondo mmoja ndani ya Njia Nyeupe, GD-1, uligunduliwa 2006. Mwembamba kama uzi. Takwimu za Gaia, setilaiti inayopima mahali pa nyota, zilipotoka, watu wakaona una pengo, na kando ya pengo kijitawi kimechomoza nje. Mwanaanga Ana Bonaca na wenzake walipendekeza kwamba kitu kizito kisichoonekana kiliukata kikipita. Huenda ni bonge la maada giza. Bado wanabishana, lakini fikiria: kitu ambacho hakitoi mwanga hata chembe, unakijua kwa kovu kilichoacha kwenye uzi wa nyota.

Ila usichanganye aina mbili za kazi. Ndani ya Njia Nyeupe tunahesabu nyota moja moja. Hata Andromeda, umbali wa miaka-nuru milioni 2.5, darubini kubwa inaona nyota jitu moja moja. Ndivyo mkondo wake mkubwa ulivyopatikana 2001 kwa darubini ya Isaac Newton kule La Palma. Ukifika M83 na lenzi ya harusi, nyota zimeungana zikawa ukungu. Unapima ukungu. Na ukungu una ndugu wengi wanaofanana naye.

#13 MwalimuMaseno

Ndugu yake mbaya zaidi ni vumbi la kwetu. Juu na chini ya Njia Nyeupe kuna mawingu membamba ya vumbi yanayoakisi mwanga wa nyota. Kwenye picha ndefu yanatokea kama nyuzi na pinde. Mtu anapiga galaksi ya mbali, vumbi la sebuleni linampitia mbele, anatangaza mkondo. Dawa ni kulinganisha na ramani za mionzi ya infraredi, kama za setilaiti ya Planck: vumbi lina joto, linang'aa kwenye ramani hiyo. Mkondo wa nyota hauonekani humo.

Ndugu wa pili ni mzuka wa lenzi. Nyota angavu inapiga kwenye kioo, inarudi, inapiga kioo kingine, inaangukia kamera upande wa pili wa fremu ikiwa imefifia na kutanuka. Mara nyingi huwa pete au ukucha.

Ukucha, ndugu. Neno hilo umelitumia mwenyewe.

#14 LenziYaNakuru

Mwalimu unaniua polepole.

#15 BintiDunga

Usivunjike moyo, hata wakubwa wameshikana mashati kwa jambo hili.

NGC 5907 ni galaksi tunayoiona kwa ubavu, nyembamba kama kisu. Mkondo wake uliripotiwa 1998. Mwaka 2008 timu ya Martínez-Delgado pamoja na R. Jay GaBany, ambaye ni mpiga picha wa anga kwa hobi kama wewe, walitoa picha ya darubini ya nusu mita tu kutoka New Mexico: pete zimezunguka galaksi zaidi ya mara moja, nzuri mno. Picha hiyo ilizunguka dunia. Ndiyo iliyowafanya watu wengi waamini kwamba darubini ndogo na subira zinaweza kazi hii.

Mwaka 2019 Pieter van Dokkum na wenzake wakaitazama tena kwa Dragonfly. Huo mtambo ungeupenda: ni lenzi za Canon za milimita 400, f/2.8, zile za wapiga picha wa mpira, zimefungwa pamoja kama mzinga wa nyuki. Zilianza chache zikafika 48. Walizichagua kwa sababu lenzi safi hutawanya mwanga kidogo kuliko vioo vya darubini kubwa. Wakaona mkondo mmoja mrefu uliojikunja. Pete ya pili hawakuiona. Mwaka huohuo timu nyingine kwa darubini yake nayo haikuiona.

Mkondo upo, hakuna anayebisha. Kinachobishaniwa ni umbo, na umbo ndilo linalokupa hesabu ya mzunguko. Kompyuta ilikuwa imeshatengeneza mfano mzima unaoeleza pete mbili.

Rudi kwenye swali la Mwalimu. Huna picha hata chache ambazo fremu ilisogea?

#16 LenziYaNakuru

Ninazo!

Nilisahau kabisa. Usiku wa nne, kabla sijaanza, ndama wa mjomba alijikwaa kwenye mguu wa kamera. Nilirudia kulenga kwa haraka nikiwa na hasira, na galaksi haikurudi katikati, ilikaa juu kidogo na fremu imepinda. Niliona ni hasara, programu ikazipandanisha zote kwa kufuata nyota, nikasahau.

Kwa hivyo ninazo picha 188 kabla ya ndama na 113 baada ya ndama. Nipeni hadi kesho. Kompyuta yangu ni ya kuhariri picha za keki.

#17 Otis_wa_Kondele

Ndama apewe jina kwenye ripoti.

#18 LenziYaNakuru

Wadau.

Kabla ya ndama: upinde upo kusini-mashariki mwa galaksi, wazi kuliko nilivyouonyesha mwanzo.

Baada ya ndama: kusini-mashariki hakuna kitu. Upinde umehamia karibu magharibi, na umegeuka mgongo. Nikapima kutoka kona ya fremu badala ya kutoka kwenye galaksi: uko mkabala na ile nyota angavu, ng'ambo ya kitovu cha fremu, kwenye fungu zote mbili.

Ni mzuka. Galaksi haina habari nao.

Nimekaa na hiyo picha saa nzima. Kinachoniuma si kwamba ni mzuka, ni kwamba mimi ndiye niliyepaswa kuujua. Kila Jumamosi naukwepa mzuka huohuo jua likinipiga usoni na bibi harusi amesimama mbele. Ungekuwa kwenye shela la mtu ningeuona nikiwa barabarani. Kwenye galaksi nikauita mkondo, kwa sababu ndicho nilichokuwa nakitaka.

#19 MzeeWaLikoni

Pole mwanangu. Wavuvi wetu nao huita nanga samaki kabla ya kuvuta kamba.

#20 MwalimuMaseno

Pole, lakini kazi yako ni safi. Umeliua wazo lako mwenyewe kwa ushahidi wako mwenyewe.

Sasa, tazama kaskazini.

M83 ina mkondo wa kweli. David Malin, akifanya kazi Australia, alikuwa na ufundi wa kupandanisha picha za darubini zilizopigwa kwenye vioo vya filamu na kuchomoa mwanga uliofichika humo. Alionyesha upinde mpana, hafifu, kaskazini mwa galaksi hiyo, tangu miaka ya 1990. Wengine waliorodhesha kipande chake kama galaksi kibete. Ni mabaki ya galaksi ndogo iliyoraruliwa.

Chukua fungu zako mbili, kila moja peke yake. Usivute mwanga. Unganisha pikseli kumi kwa kumi ziwe moja. Chenga za nasibu za picha zitashuka kama mara kumi, na mkondo ni mpana, hautapotea. Umbo la nyota utalipoteza, halina kazi hapa.

#21 LenziYaNakuru

Nimefanya.

Kwenye fungu la 188, kaskazini kuna kitu. Siwezi kukiita upinde. Ni kama mtu amepumua kwenye kioo. Kwenye fungu la 113, mahali palepale kwa kufuata nyota, kuna... labda. Nikifumba jicho moja, ndiyo. Nikinywa chai nikirudi, hapana.

Ni mkondo? Au ni kwa sababu Mwalimu ameniambia pa kutazama?

#22 BintiDunga

Swali zuri kuliko yote kwenye uzi huu. Jicho huona lilichoambiwa.

Tufanye hivi. Nitumie faili mbili, usizionyeshe hapa. Nitakata vipande vinne vya anga vyenye ukubwa sawa, kimoja ni cha kaskazini, vitatu ni vya pembeni visivyo na kitu kwenye picha zilizochapishwa. Nitaficha nyota, nitavizungusha ovyo, nitavipa herufi A hadi D na kuviweka hapa. Watu wachague kipi kina ukungu. Wewe na Mwalimu hamruhusiwi.

#23 KijanaShinyalu

Nachagua C.

#24 MzeeWaLikoni

Macho yangu si ya ujana. A.

#25 Otis_wa_Kondele

C. Na nimetazama kwa simu iliyopasuka kioo.

#26 Mkweli254

C. Usiniulize kwa nini nipo hapa.

#27 BintiDunga

Na wengine watatu wamenitumia pembeni: C, B, D.

Jumla watu saba, wanne wamesema C. C ndiyo kaskazini.

Msishangilie bado. Kama watu saba wangebahatisha tu kati ya herufi nne, wanne au zaidi wangeangukia jibu sahihi kama mara 7 katika mara 100. Si mara moja kwa elfu. Isitoshe, waliochagua hapa walikuwa wanaona majibu ya wenzao. Otis na Mkweli waliandika baada ya Kijana. Nilipaswa kuwaambia wote wanitumie pembeni. Kosa langu.

Nimelinganisha pia na ramani ya vumbi. Eneo hilo lina vumbi kidogo, na sioni wingu lenye umbo la kile kipande. Hilo linasaidia kiasi.

Hukumu yangu: huna ugunduzi, na hukuuhitaji, mkondo ulishagunduliwa. Ulichonacho ni fununu kwamba lenzi ya harusi kutoka Subukia imeanza kuugusa. Kuapa bado. Ili chenga za nasibu zipungue nusu unahitaji muda mara nne, yaani saa 40.

#28 LenziYaNakuru

Saa 40! Kwa saa nne za usiku mmoja, bila wingu hata moja, ni usiku kumi. Usiku wa giza kwa mwezi ni kama kumi, na mawingu yatachukua nusu. Na mvua za masika zinakuja Machi.

#29 MwalimuMaseno

Basi gawanya kwa misimu miwili. Na safari hii uzungushe kamera kila usiku kwa makusudi, robo ya duara, na usogeze galaksi kidogo kila baada ya picha kumi. Mzuka utahamahama na kujifuta, mkondo utabaki. Ile nyota angavu itoe nje ya fremu kabisa kama unaweza.

Kitambaa cha meza nacho kikunjue vizuri. Mkunjo mmoja ni asilimia moja, na asilimia moja tumeshaona inazaa nini.

#30 KijanaShinyalu

Lakini si kuna hiyo darubini mpya ya Chile, Rubin? Kioo mita 8.4. Itapiga anga lote la kusini kwa miaka kumi. Picha zao za kwanza zilitoka Juni 2025 na watu wakaona humo mkondo mrefu kando ya galaksi ya M61. Kwa nini mtu abebe kabari ya mvule Subukia?

#31 BintiDunga

Swali la haki. Kwa ugunduzi, usibebe. Rubin itaona mikondo mingi kuliko yote tuliyowahi kuihesabu, na kazi itakuwa kuitenga na vumbi na mizuka yao wenyewe, maana hata wao wanayo. Hapo ndipo pa vijana kama wewe, ukijua programu kidogo na takwimu.

Lakini mtu aliyewahi kufukuza mzuka wake kwa ndama ataukamata wa Chile haraka kuliko aliyesoma tu. Naona hivyo mimi. Mwalimu anaweza kukataa.

#32 MwalimuMaseno

Sikatai. Naongeza tu kwamba galaksi za karibu kabisa ni kubwa mno angani, na lenzi yenye uwanja mpana ina nafasi yake. Kantarusi A je? Inapita kusini kwetu juu ya nyuzi 45, ina pinde na maganda ya galaksi iliyoimeza. Lenzi ya 200 inaiweka yote na anga la kutosha pembeni la kupimia.

#33 LenziYaNakuru

Mwalimu, nimalize ndoa moja kabla ya kuoa ya pili.

Mjomba ameniambia shamba liko wazi mwezi ujao usiku wa giza, ila ndama sasa ni fahali mdogo. Nimenunua kamba. Na anadai soksi yake, ile niliyoivisha lenzi kuzuia umande.

#34 Mkweli254

Kuna nafasi kwenye gari? Nauliza tu. Niko Nakuru.

#35 LenziYaNakuru

Ipo. Leta blanketi na unga, tutasonga ugali huko huko.